Kibati cha Shaba kwenye Bastola ya Ndomba

Mimi sina subira. Nianze na hilo kabisa, maana ukipita Majengo hapa Songea ukamuulizia Walburga fundi cherehani, watakuelekeza barazani kwangu na kukuonya kuhusu mdomo wangu, na hawatakuwa wamenisingizia. Ukiniletea mashine uliyokwisha kuigongagonga kwa nyundo nyumbani kwako, nitakusema mbele ya wateja wote mpaka utamani kuiacha ukimbie. Halafu nitaitengeneza. Miaka ishirini na sita nimekaa baraza lile lile. Mume nimemzika, watoto wawili nimewasomesha kwa bisibisi, na sijawahi kumrudishia mteja cherehani nikamwambia imenishinda.

Kazi nilifundishwa na masista wa misheni nikiwa msichana. Sista mmoja mzee, mkali kuliko mimi, alinikataza kabisa kushindana na skrubu iliyoshika kutu. Unaitia mafuta, unaweka mikono mapajani, unasali makumi mawili ya rozari, yaani Salamu Maria ishirini, ndipo unaijaribu. Saa hatukuwa nazo. Mpaka leo muda wa mafuta naupima kwa rozari, na hiyo ndiyo subira pekee niliyojaliwa.

Sasa mtu kama mimi akae siku tisa hajui kama mdogo wake atarudi nyumbani au atakwenda jela miaka thelathini. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mdogo wangu Calvin alikuwa anabomoa nyumba ya zamani ya babu kule Ruhuwiko, ajenge ya tofali za kuchoma. Ndani ya ukuta wa udongo akakuta mkebe wa bati, na ndani ya mkebe bastola. Nyeusi, nzito, imeota kutu. Kwenye mpini wake wa mbao palikuwa na kibati kidogo cha shaba kilichofungwa kwa skrubu mbili, kitupu, hakina hata herufi moja.

Sote tuliijua kabla hatujaishika. Babu yake baba, Ndomba, ambaye jina lake ndilo la ukoo wetu, alimpokonya Mjerumani bastola kiunoni wakati wa Majimaji, kule vilima vya Chandamali. Hadithi hiyo tumekua nayo, tumelishwa pamoja na ugali. Kwa ajili yake baba yetu, Mzee Pankrasi, kila Februari huvaa koti lake la kijivu akaenda kukaa na familia za mashujaa walionyongwa na Wajerumani, na wakubwa wa mkoa humwinamia wakisema shikamoo mzee.

Tulidhani baba ataruka kwa furaha. Wapi! Alikaa chini palepale kwenye kifusi, akaitazama bastola ikiwa mikononi mwa Calvin, akasema, "Irudisheni mlikoitoa. Jengeeni juu yake."

"Baba, hiki ni kitu cha makumbusho," Calvin akasema. "Watu waje waione, jina la Ndomba liandikwe."

"Nimesema irudisheni."

Tukaona ni uzee. Ana miaka themanini na mbili, tukasema anaogopa serikali. Calvin hakubishana naye, ila Jumapili baba alipokwenda misa ya kwanza, alimpa mkewe ile bastola aitengeneze kidogo, kesho yake Calvin aipeleke makumbusho.

Na Dorine akaitengeneza! Wifi yangu huyo ni mwanamke safi. Sufuria zake zikianikwa kichanjani unaweza kunyolea ndevu humo. Alisema kitu cha kupeleka serikalini hakipelekwi kichafu. Akachukua majivu, mchanga na stilwaya, akaketi nyuma ya nyumba akaisugua bastola ya watu tangu asubuhi mpaka mchana, kutu yote ikatoka, weusi wote ukatoka, na kila namba na kila alama iliyokuwa juu ya chuma ikatoka nayo. Ikawa inang'aa nyeupe pe. Ningekuwepo ningemnyang'anya nikamkimbiza nayo, lakini sikuwepo.

Jumatatu asubuhi Calvin alipanda bodaboda mpaka Majengo, akaingia dukani kununua mfuko wa zawadi. Ndiyo, mfuko wa zawadi, wenye maua! Hakutaka kuikabidhi ndani ya rambo la plastiki. Alipoitoa apime kama itaingia, mwenye duka akapiga yowe. Ujue wiki mbili kabla ya hapo wakala mmoja wa pesa alikuwa ameporwa na mtu mwenye bastola, risasi ikapigwa darini, na wakala akawaambia polisi bastola ilikuwa inang'aa. Mji mzima ulikuwa unaitafuta bastola inayong'aa. Calvin alishushiwa makofi na mateke mpaka askari walipofika, na mimi niliyekuwa mita mia tu kutoka pale nilisikia kelele za mwizi nikaendelea kufungua cherehani ya mtu. Hilo linaniuma hata sasa.

Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka thelathini. Calvin ana thelathini na saba. Piga hesabu mwenyewe.

Afande aliyepewa jalada anaitwa Bashiru, mtu wa Tunduru, mtulivu, hapendi maneno mengi. Alimwandikisha baba maelezo siku ileile ya Jumatatu. Baba akaeleza hadithi ya Chandamali kama tunavyoijua, Ndomba na Mjerumani wake, akatia sahihi. Afande Bashiru akasoma, akakunja uso.

"Mzee, mimi nimeona bastola nyingi," akasema. "Ya miaka mia na zaidi haing'ai vile. Na za kuiga zipo, mafundi wanazitengeneza. Nitamwita mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar. Akisaini kwamba ni ya wakati huo, tutazungumza. Asiposaini, jalada linakwenda mahakamani kama lilivyo."

Zikapita siku. Dorine akawa halali wala hali, kazi kulia na kuitazama mikono yake. Mara ya kwanza nilimfokea, mara ya pili nikaona nitamuua, nikamkumbatia. Kila jioni namwendea baba Ruhuwiko namkuta amekaa mlangoni, namwambia Calvin amekonda, Calvin amevimba jicho, anajibu, "Tumwombee." Nikadhani moyo wake umevunjika kama wangu.

Siku ya tisa, Jumanne, tuliitwa. Nilitoka kazini moja kwa moja na mkoba wangu wa vifaa begani, nikamshika baba mkono tukaingia. Chumba kidogo, meza moja, na juu ya meza gazeti, na juu ya gazeti bastola ina kikaratasi cha kielelezo. Mtaalamu aliitwa Bwana Abdulatifu. Miwani minene, vidole vyembamba, na basi lake la kurudi lilikuwa kesho yake alfajiri. Alikuwa ameitazama bastola kwa kioo cha kukuzia tangu asubuhi, na sura yake ilinikata maini kabla hajafungua kinywa.

"Umbo ni la Kijerumani, la zamani," akasema. "Mtutu umeliwa na kutu kwa ndani, sidhani kama ilipiga kitu karibuni. Lakini neno 'sidhani' haliandikwi kwenye ripoti. Alama zote zimesuguliwa. Sina mwaka, sina namba. Siwezi kusaini."

"Angalia tena," nikasema.

"Mama, nimeangalia mara kumi."

Nikasogea. Afande Bashiru akanyoosha mkono kunizuia. "Wewe ni dada wa mtuhumiwa. Hugusi."

"Sigusi. Macho nayo yamekatazwa?"

Nikainama mikono nyuma. Nikuonyeshe nilichokiona. Skrubu mbili za kile kibati, zile ambazo stilwaya ya Dorine haikuweza kuingia kwenye mifereji yake. Mfereji wa ya kwanza ulikuwa pembeni kidogo, haukupita katikati. Wa pili ulikuwa mpana upande mmoja. Cherehani kongwe kabisa niliyopata kufungua, ya masista, ilikuwa na skrubu moja namna hiyo, mtu alikuwa ameichonga mwenyewe kwa msumeno wa mkono.

"Hizi zimekatwa kwa mkono," nikamwambia mtaalamu. "Na hazijafunguliwa miaka mingi, angalia midomo ya mfereji haina mkwaruzo mpya wa bisibisi. Cherehani ikifutika namba juu, huwa tunaitafuta chini, kule ambako mwenye mashine hasugui. Fungua kibati."

Bwana Abdulatifu akasogeza kioo chake. "Zimeshika," akasema. "Nikilazimisha, kichwa kitakatika, na mbao itapasuka."

"Nitakuelekeza."

"Inatosha," baba akasema.

Tukageuka. Alikuwa amesimama, ameegemea fimbo. "Msiivunje. Ni kitu cha ukoo. Mtaalamu amesema ni ya zamani, si inatosha?"

"Haitoshi mzee," Afande Bashiru akasema. "Hujasikia? Hawezi kusaini. Kaa, tafadhali."

Baba akakaa. Nikatoa bisibisi yangu nyembamba, niliyoinoa mwenyewe mpaka imekuwa kama ulimi wa kinyonga, nikampa afande. Akaikagua huku na huku kama imeficha kitu, akampa mtaalamu. Nikatoa kichupa cha mafuta ya cherehani, nacho kikapita mikono hiyohiyo.

"Tone moja kila skrubu. Moja! Usimwage. Sasa weka bisibisi chini. Tunasubiri makumi mawili."

"Makumi mawili ndiyo dakika ngapi?" afande akauliza.

"Ndiyo makumi mawili, afande. Wewe una tasbihi, mimi nina rozari, tuelewane."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku tisa zile. Nikaanza Salamu Maria kwa sauti ya chini. Baba yangu ndiye anayeongoza rozari kwenye jumuiya yetu, hata akiumwa anaitikia kitandani. Nilimsubiri aitikie. Hakuitikia. Nikasali ya pili, ya tatu, naitikia mwenyewe. Nikamtupia jicho. Alikuwa anakitazama kile kibati, midomo imefungwa, jasho linamtoka na chumba kilikuwa na baridi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na si kwa ajili ya Calvin peke yake.

"Amina," nikasema. "Haya bwana. Bisibisi ijae mfereji wote. Isimame wima. Sasa usilegeze. Kaza kwanza."

"Nikaze?"

"Kaza! Nywele moja tu. Uivunje kutu kwanza, ndipo urudi."

Bisibisi ikateleza. Ilichomoka ikakwaruza shaba, na mimi nikapiga kelele, "Mama yangu! Unafungua kopo la samaki au unafungua skrubu?" Afande akanigeukia. Nikaomba radhi. Kweli niliomba, jambo ambalo wateja wangu hawataliamini.

"Futa jasho," nikamwambia kwa upole. "Huna haraka. Bega lishuke. Sukuma kwa kiganja, geuza kwa kidole. Kaza. Hivyo. Sasa rudi."

Kikasikika kitu kidogo, tik.

"Imekatika," akanong'ona.

"Haijakatika, imekubali. Endelea."

Ikazunguka. Ya kwanza ikatoka, akaiweka kwenye gazeti. Ya pili ilitaka tone jingine na makumi mengine mawili, nikasali peke yangu tena, nikaona miaka thelathini ya Calvin imekaa juu ya kichwa cha skrubu kidogo kuliko punje ya mtama. Ikatoka nayo. Bwana Abdulatifu akaingiza ukucha chini ya kibati, akakibandua.

Kwa juu kilikuwa kinang'aa kwa mchanga wa Dorine. Akakigeuza. Kwa ndani kilikuwa kijani kwa kutu ya shaba, na kina maandishi.

"Kiligeuzwa," akasema. "Mtu alikigeuza kwa makusudi, maandishi yatazame ndani." Akakifuta kwa pamba, akakisogeza dirishani, akasoma taratibu. "Maneno mawili ya Kijerumani, maana yake: Kwa uaminifu. Halafu jina, Ndomba. Halafu, Songea, tarehe ishirini na saba, mwezi wa pili, elfu moja mia tisa na sita."

Hakuna mtu wa Songea anayehitaji kuelezwa tarehe hiyo. Tunaijua kama siku zetu za kuzaliwa. Ndiyo siku ambayo Wajerumani waliwanyonga wazee wetu.

Nilimtazama baba. Sikuhitaji kumuuliza, lakini nilimuuliza.

"Ulijua?"

"Baba yangu aliniambia alipokuwa anakufa," akasema. "Yeye ndiye aliyeificha ukutani."

"Siku tisa, Baba. Calvin yuko humo ndani siku tisa, anapigwa na wenzake, na wewe ulijua kilichoandikwa, mpaka na mwaka?"

"Siku tisa," akasema.

Nilitaka kusema mengi. Nina mdomo, nimekwambia. Nilitaka kumwambia koti lako la kijivu nitalichoma moto. Lakini nilimwona tu mzee mdogo ndani ya shati kubwa, nikamwonea hasira na huruma vyote kwa pamoja.

Bwana Abdulatifu alikohoa. Akasema kutu ile ya kijani haiwezi kutengenezwa kwa wiki wala kwa mwaka, herufi zimechongwa kwa mkono, na skrubu zimethibitishwa mbele ya afande kwamba hazijaguswa miaka mingi. Angeweza kusaini. Afande Bashiru hakuonekana kufurahi.

"Kuna shida," akasema. Akafungua jalada. "Maelezo ya mzee yanasema ilipokonywa vitani Chandamali. Kibati kinasema ni zawadi. Nikipeleka vyote viwili, watasema familia hii inasema uongo, na wakisema uongo kwa hili watasema uongo kwa lile la wakala. Jina la Ndomba liko humu, lakini nani atanithibitishia Ndomba huyu ni nani na aliipataje? Lazima mzee wa ukoo aandikishe upya. Na ujue mzee, haya yatasomwa mahakamani kama yakifika, na bastola ikienda makumbusho yatakwenda nayo. Sikulazimishi."

Akaweka karatasi mpya mezani. Nje pikipiki zilikuwa zinapita, mtu akicheka na simu. Baba aliangalia karatasi ile muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa kwamba atanyanyuka aondoke, na kama angeondoka sijui leo ningekuwa nimefanya nini.

"Andika," akasema.

Afande akashika kalamu.

"Andika kwamba Ndomba ni babu yangu, mzaa baba yangu. Hakupokonya mtu kitu. Alikuwa askari wa Wajerumani. Siku ile wazee waliponyongwa, yeye alikuwa analinda, aliwapeleka kitanzini wawili wawili. Kuna waliomwita kwa jina, akawapeleka. Jioni akapewa hii." Akapumua. "Andika kwamba mimi, Pankrasi Ndomba, nilijua tangu mwaka sabini na moja, na kila mwaka nilikwenda kukaa na watoto wao. Andika na hilo. Usiache."

Hakuna aliyemwambia aseme hilo la mwisho. Afande Bashiru aliandika yote, akamsomea, baba akatia sahihi kwa mkono uliotulia kuliko wa mtaalamu. Kisha afande akainuka na makaratasi akaenda kwa mkubwa wake, na sisi tukakaa kwenye benchi la ukumbini, mimi huku na baba kule, nafasi ya watu wawili katikati yetu. Niliwaza kwamba mjini hapa habari haikai kwenye jalada, itafika Majengo kabla yangu.

Alasiri, saa tisa hivi, mlango ukafunguliwa wakamtoa Calvin. Viatu mkononi, jicho moja bado jekundu, suruali inamvuka kwa kukonda. Alikuja kwangu kwanza, akanishika mabega akilia kama mtoto.

"Dada, nani amenitoa?" akaniuliza. "Afande anasema kuna mtu ameandikisha maelezo. Ni nani?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu la siku tisa, nalo lilikuwa kweli tupu. Baba aliinua macho akanitazama. Alikuwa analisubiri. Hakujificha.

"Baba," nikasema. "Baba ndiye aliyekutoa."

Calvin aliacha viatu vikaanguka. Akaenda akapiga magoti mbele ya benchi, akaishika mikono ya mzee yote miwili akaiweka kwenye paji la uso wake.

"Nilijua, Baba," akasema. "Kila siku niliwaambia wale wa ndani, mzee wangu hawezi kuniacha humu hata siku moja."

Baba aliitoa mikono yake polepole, akainuka akaenda kuviokota vile viatu.